Mambo ya Nyumbani: Konokono wa Maji na Ugonjwa wa Kichocho



Mwalimu mmoja wa upande wa Ziwa Victoria ametuletea swali, nami naona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, kwa kuwa si la shule yake peke yake. Asema kwamba kila mwaka watu wa afya huja shuleni, huwapima watoto kimo kwa mti uliotiwa alama, huwapa vidonge vya kichocho kwa kadiri ya kimo hicho, kisha huenda zao. Watoto hupata nafuu. Lakini ukitimia mwaka mwingine, wakipimwa tena, ugonjwa huonekana umo vile vile kwa wengi wao. Wazazi wamekwisha kuanza kunung'unika. Wengine wanena ya kuwa vidonge ni unga mtupu, na wengine ya kuwa watoto wa pwani ya ziwa wamezaliwa na damu mbaya. Mwalimu auliza: Je, dawa imeshindwa?

Dawa haikushindwa. Walakini ili tujue kwa nini ugonjwa hurudi, yatupasa kumwacha mtoto kwanza, tukamtazame konokono.

Konokono ninaowanena hapa si yule mkubwa wa shambani alaye mboga zetu wakati wa masika. Hawa ni wa majini, tena wadogo. Wengi hawapiti upana wa ukucha wa kidole gumba. Wako wa namna nyingi, na namna zilizo nyingi hazimdhuru mtu. Lakini yako makundi mawili ambayo mwalimu afaa kuyajua kwa sura. La kwanza ni wale wenye gamba bapa, lililojiviringa kama ngata ya kujitwishia mtungi. Wataalamu huwaita Biomphalaria. Hukaa kandokando ya ziwa penye matete na magugu maji, na katika vijito vya maji ya polepole, nao ndio wabebao kichocho cha matumbo. La pili ni Bulinus, wenye gamba lililochongoka kidogo kama pia ya mtoto. Ukiliona gamba lake, ncha ikielekea juu na tundu likikutazama, tundu hilo li upande wako wa kushoto. Konokono wengine wengi wa majini wenye ncha, tundu lao li upande wa kulia. Bulinus hupenda mabwawa, malambo, majaruba ya mpunga na vijito, naye ndiye abebaye kichocho cha mkojo, kile kijulikanacho sana Unguja na Pemba, na pwani, na katika vijiji vya Usukuma vilivyo mbali na ziwa. Kuwatazama na kuwe kwa macho tu. Mtoto asitumwe kutia mkono majini kuwatafuta, maana hapo ndipo penye hatari yenyewe.

Sasa lisikilizeni neno ambalo watu wengi hawajaambiwa. Konokono hazaliwi na kichocho. Atokapo katika yai lake ni safi, hata kama wazazi wake ni wagonjwa. Ugonjwa hupewa na sisi.

Mtu mgonjwa akienda haja ndogo majini, au haja yake kubwa ikikokotwa na mvua hata ziwani, hutoka pamoja nayo mayai ya mnyoo, madogo mno, kila moja na mwiba wake. Mayai ya kichocho cha mkojo mwiba wake u mwishoni. Ya kichocho cha matumbo u ubavuni, na kwa alama hiyo wapimaji hutofautisha ugonjwa huu na huu. Yai likifika katika maji matamu hupasuka, na ndani yake hutoka kijidudu chenye vinyweleo kinachoogelea mbio kumtafuta konokono. Kijidudu hicho hakili kitu. Nguvu zake ni zile zilizotoka nacho yaini, na kisipompata konokono wa namna yake katika muda wa siku moja hivi, kimekufa. Lakini kikimpata, hupenya katika nyama yake laini, na humo hakibaki kimoja. Hugeuka kuwa kama kifuko, kifuko huzaa vifuko vingine, na baada ya majuma manne au sita hivi konokono huanza kumwaga majini vijidudu vipya, vyenye mkia uliogawanyika mwisho wake kama panda. Hutoka mamia kwa siku, tena siku nyingi. Katika yai moja tu lililofanikiwa kufika kwa konokono, waweza kutoka maelfu. Konokono mwenyewe hudhoofu, na mara nyingi huacha kutaga, kwa sababu nguvu zake zimeliwa na wageni wake.

Vijidudu hivi vyenye mkia ndivyo vinavyotutafuta sisi. Hutoka zaidi mchana, jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto hupenda kuoga na akina mama hufua nguo. Vikiigusa ngozi huuacha mkia nje, vikaingia mwilini katika dakika chache, pasipo jeraha, ila pengine mwasho mdogo ambao hakuna aujaliye. Kwa hiyo wale wasemao, "Mimi maji ya ziwa siyanywi," wamejikinga na magonjwa mengine, lakini siyo na kichocho. Avukaye kijito kwa miguu mitupu aweza kuingiwa, na asimamaye katika jaruba lake kupandikiza mpunga vivyo hivyo. Ndani ya mwili vijidudu husafiri kwa damu, hukua, vikawa minyoo kamili, mume na mke. Mume ni mrefu wa sentimeta moja hivi. Mke ni mwembamba kama uzi, naye hukaa katika mkunjo wa mwili wa mume. Makao yao ni mishipa ya damu ya matumbo, au ile ya kibofu, na mke hutaga mayai kila siku, makumi au mamia, kwa muda wa miaka mitatu hata mitano. Wameonekana wengine walioishi zaidi ya miaka ishirini.

Basi hapa ndipo lilipo jibu la mwalimu wetu. Minyoo hawa hawaongezeki ndani ya mtu. Mayai yao hayaanguliwi mwilini. Lazima yatoke, yafike majini, yapite kwa konokono. Mtu mwenye minyoo kumi leo, akikaa mbali na maji yenye ugonjwa, kesho hatakuwa na kumi na mmoja, na mwaka ujao yamkini watakuwa wamepungua. Kila mnyoo aliye katika mwili wa mtoto aliingia peke yake, kwa ngozi, kutoka majini. Mtoto aliyetibiwa mwezi wa tatu, akapimwa mwezi wa tatu wa mwaka wa pili akaonekana ana wengi, hao ni wageni wapya walioingia katika miezi iliyo kati. Tena liko jambo jingine dogo: vidonge huua minyoo wazima, lakini wale wachanga ambao hawajatimiza majuma matano au sita mwilini, haviwawezi vema. Aliyeoga ziwani juma lililopita akanywa dawa leo, wale wa juma lililopita wamesalia.

Ilichukua miaka mingi watu kulijua jambo hili. Ugonjwa wenyewe ni wa kale sana. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba ameyaona mayai ya mnyoo huyu katika mafigo ya maiti wawili wa Misri, waliokaushwa na kuzikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo mwenyewe alionekana mwaka 1851, pale Mjerumani Theodor Bilharz alipokuwa akichunguza maiti katika hospitali ya Kairo, na kwa jina lake ugonjwa ukaitwa bilharzia. Lakini namna uingiavyo mwilini haikujulikana. Wengine walidhani mtu huunywa, wengine walidhani hupita kwa mtu hata mtu bila mnyama wa kati. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha ya kuwa mnyoo wa kwao hukulia katika konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper alipelekwa Misri, kwa ajili ya askari wa Waingereza waliokuwa huko wakati wa vita, naye akathibitisha kwamba minyoo ya Misri vile vile hukulia katika konokono, tena ya kuwa ni minyoo ya namna mbili, na kila mmoja ana konokono wake. Tangu Bilharz hata Leiper ni miaka 64, na muda huo wote watu walichemsha maji ya kunywa kisha wakaenda kuoga mtoni.

Dhara la ugonjwa huletwa na mayai kuliko minyoo wenyewe. Yapata nusu ya mayai hayapati njia ya kutoka. Hunasa katika nyama ya mwili, na mwili huyazungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, kibofu huwa kigumu, mafigo huharibika, na wengine hupata saratani ya kibofu ukubwani. Dalili ya kwanza ya kichocho cha mkojo ni damu mwishoni mwa haja ndogo. Mahali pengi wavulana wameiona damu hiyo kwa wenzao wengi mno hata wakaihesabu kuwa dalili ya kukua, kama vile wasichana wanavyopata siku zao. Mzazi asikiapo mzaha wa namna hiyo asicheke. Huyo mtoto anapoteza damu, na mwalimu humwona darasani amelegea, hakumbuki aliyofundishwa jana, akapigwa kwa uvivu.

Kichocho cha matumbo, kilicho kingi ziwani, kina hila zaidi, maana kwa miaka mingi chaweza kuonyesha maumivu ya tumbo tu, na kuhara kwenye damu mara moja moja. Mayai huchukuliwa na damu hata kwenye ini. Ini likijaa makovu, damu haipiti vema, wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo hutanuka hata ikapasuka. Ndipo mtu mzima, mvuvi mwenye nguvu, hutapika damu bakuli zima usiku mmoja. Jamaa zake husema amerogwa, na jirani aliyegombana naye juu ya nyavu hutazamwa kwa jicho baya. Nimesikia ugomvi wa namna hiyo ukiwatenga watu wa ukoo mmoja, na mlango wa ugonjwa ulikuwa gati walilofulia wote.

Sasa nitanena jambo zito kulinena katika karatasi isomwayo na nyumba nzima, lakini kulinyamaza kumeleta misiba. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa pia katika viungo vya uzazi vya mwanamke, katika uke na shingo ya kizazi. Huleta maumivu, uchafu usio wa kawaida, kutokwa na damu, na pengine utasa. Dalili hizi zafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke huenda zahanati, hupewa dawa za magonjwa hayo, haponi. Hurudi, hupewa nyingine, haponi. Mume huanza kuuliza, "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Mama mkwe huuliza kwa sauti kubwa zaidi. Kisha shauri huletwa kwa wazee. Shirika la Afya Duniani na wenzake wanakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana ugonjwa wa namna hii, karibu wote katika Afrika. Tena vidonda vyake hudhaniwa na waganga wengi kurahisisha kuingia kwa virusi vya UKIMWI.

Nawaomba waume, na wazee mnaoketi katika mashauri ya nyumba, mlijue neno hili kabla ya kutoa hukumu: mwanamke aliyekulia penye mabwawa au majaruba aweza kuwa ameupata ugonjwa huu akiwa msichana wa miaka kumi, akiteka maji aliyotumwa na mama yake. Hana aliyemkosea. Tena mkojo wake waweza kupimwa usionekane na yai lolote, naye ni mgonjwa. Kwa hiyo aendapo hospitali na aseme wazi, "Nimekulia penye kichocho," ili mganga alifikirie jambo hilo. Na walimu wa kike wawaambie wasichana wakubwa, kwa faragha na kwa maneno ya heshima.

Niseme kidogo habari za dawa. Zamani palikuwa na sindano tu. Mwaka 1918 John Christopherson alitangaza kutoka Khartoum ya kuwa dawa ya antimoni, iliyochomwa katika mshipa mara nyingi, huua minyoo. Lakini ilikuwa kali, na wengine iliwadhuru. Huko Misri, kati ya miaka ya 1950 na ya 1980, sindano hizo zilichomwa watu wengi sana kwa vyombo visivyosafishwa vema, na kwa njia hiyo homa ya ini ya aina ya C ikaenezwa katika nchi nzima. Vidonge tulivyo navyo leo, viitwavyo prazikwanteli, vilitengenezwa katika miaka ya 1970, navyo ni rehema kubwa. Humezwa siku moja, vikaisha. Ni vichungu, na kwa muda wa saa chache mtu aweza kusikia kizunguzungu, au tumbo kumsokota, hasa mwenye minyoo mingi, au aliyemeza kabla ya kula.

Hapo pana kazi ya mwalimu. Mwaka 2008, mjini Morogoro, watoto walipewa dawa za minyoo na kichocho mashuleni, wengine wakaona kizunguzungu na kichefuchefu, uvumi ukaenda mbio kuliko mjumbe wa kweli kwamba watoto wanakufa, wazazi wakakimbilia shuleni, na ghasia ikatokea. Wazazi hao hawakuwa wajinga, hawakuwa wameambiwa. Basi siku ya dawa itangazwe mapema, nyumba kwa nyumba. Watoto wale uji kwanza shuleni, na waambiwe watakachosikia tumboni na kitadumu saa ngapi. Mama aliyekwisha kujua ya kuwa mwanawe atalegea hata jioni hatakimbia na panga.

Tena wazazi wengi wauliza habari za wadogo wasiofika shule. Mama aendapo ziwani humwogesha mtoto mchanga katika beseni la maji yale yale, basi naye huingiwa. Zamani hawa waliachwa nje ya mpango wa dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa maongozi mapya kwamba, penye ugonjwa mwingi, watu wote tangu umri wa miaka miwili wapewe dawa, watu wazima pia. Na mwaka 2024 likaikubali dawa nyingine ya kuyeyushwa majini, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Si kila zahanati inayo, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Mwaka 2021 waliohitaji dawa ya kujikinga walihesabiwa zaidi ya milioni 250 ulimwenguni, na waliopewa walikuwa kama milioni 75.

Lakini nirudi kwa konokono, kwa kuwa mwalimu ameuliza pia, "Kwa nini hatuwaui wote?" Iko sumu ya kuwaua, nayo hutumika na wataalamu katika mabwawa na vijito. Huua samaki pia. Basi mtu asijitafutie sumu yake akaimwaga majini. Tena konokono hawa wana ukaidi wao. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, hata aliyesalia peke yake aweza kuzaa na kulijaza bwawa upya. Na bwawa likikauka, Bulinus hujifukia matopeni, akakaa hivyo miezi mingi, mvua ikinyesha akatoka. Katika ziwa kubwa kama Victoria, ambalo ukisimama pwani huoni ng'ambo, habari ya kuwaua wote ni ya kusahau.

Wajapani waliweza, lakini tazama kwa jinsi gani. Konokono wao hukaa katika tope la kingo za mifereji ya mpunga. Wakaijenga mifereji kwa saruji, mwaka baada ya mwaka, wakatibu watu, wakasafisha vyoo. Mgonjwa mpya wa mwisho alionekana mwaka 1977, na mkoa wa Yamanashi, uliosumbuliwa sana, ukatangaza mwisho wa ugonjwa mwaka 1996. Tangu Miyairi na Suzuki hata hapo ni miaka zaidi ya themanini.

Senegal imeonyesha pande zote mbili. Mwaka 1986 ulimalizika ukuta wa Diama karibu na mdomo wa mto Senegal, ili maji ya chumvi yasipande, na mashamba yanyweshwe. Mpunga na miwa vilistawi, lakini konokono nao walistawi, na kamba wa mtoni wanaowala konokono walizuiliwa safari yao ya kwenda na kurudi. Mwaka 1988 kichocho cha matumbo kikaonekana katika mji wa Richard-Toll, mahali ambapo hakikuwako kwanza, kikaenea upesi. Huko huko, wataalamu walitangaza mwaka 2023 jaribio lao la kutoa magugu ya majini mahali watu wanapotekea maji: konokono walipungua, na watoto waliotibiwa hawakuupata tena ugonjwa wa matumbo kwa wingi kama wa vijiji vingine, tena magugu yale yalifaa kwa mbolea na kwa chakula cha mifugo. Neno hili lanipendeza, maana ni kazi ambayo kijiji chaweza kuifanya kwa mapanga na reki, ila afanyaye asiingie majini pasipo viatu virefu vya mpira, na watoto wasiitwe kusaidia.

Unguja na Pemba nazo zilijaribiwa tangu mwaka 2012 hata 2017. Watu wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika shehia nyingine konokono waliuawa, na katika nyingine watoto walifundishwa kwa michezo, pakajengwa vyoo vya haja ndogo na mahali pa kufulia. Ugonjwa ulishuka sana, hasa ule mzito, lakini haukung'oka. Ukubwa wa kazi ndio huo, na wazazi wanaomlaumu mwalimu kwa sababu ya vidonge vya mwaka mmoja waambiwe hivyo.

Sasa mambo ya nyumba. Maji ya ziwa au bwawa yakitekwa, yakawekwa siku mbili mtungini au pipani yamefunikwa, pasipo konokono ndani, vijidudu vyenye mkia vimekwisha kufa, na mtu aweza kuyaogea. Kwa kunywa yachemshwe, kama mjuavyo, kwa ajili ya magonjwa mengine. Kuteka maji na yawe ya asubuhi mapema, maana adhuhuri ndipo vijidudu huwa vingi. Walakini asubuhi hupunguza hatari tu, haiiondoi. Nguo zifuliwe juu ya nchi kavu, katika beseni. Najua yatakuwa maneno magumu kwa mama mwenye watoto sita na ndoo moja. Basi mwanamume mwenye baiskeli na abebe ndoo ya pili, aone kama heshima yake itapungua.

Na choo. Katika vijiji vingi vya ziwani choo kipo nyumbani, lakini siku ya mtu haiko nyumbani. Iko gatini, na dagoni kwa wavuvi, penye watu mia na choo hakuna, na miamba imeelekea majini. Wazee wa gati wakitaka kujua konokono wao wanapata wapi ugonjwa, waende wakatazame nyuma ya miamba hiyo. Shimo moja lenye kuta za makuti, lililochimbwa juu mbali na maji ya mvua, latosha kwa kuanzia. Vivyo hivyo shuleni: kama vyoo vya wavulana vimejaa, watakwenda mtoni, na somo la kichocho lililofundishwa asubuhi limepotea.

Swali la pili la mwalimu lilikuwa la ng'ombe, kwamba wachinjapo huona katika ini minyoo mipana kama jani, na kama hiyo nayo ni kichocho. Siyo. Huyo ni mnyoo mwingine, mwenye konokono wake mwingine, yule ambaye tundu lake li upande wa kulia, na ng'ombe humpata kwa kula nyasi za ukingoni mwa maji. Ini lenye minyoo hiyo mchinjaji aliweke kando, bwana mifugo apate kuliona. Habari zake ni ndefu, nitazileta mwezi ujao.